Kadi ya Arobaini na Moja

Sauti mliyoisikia hivi punde, wasikilizaji wapendwa, ni ya filimbi. Mmesikia inavyokwaruza? Filimbi hiyo ni mbovu. Kile kipira kidogo kinachochezacheza ndani kilidondoka miaka mingi iliyopita, na mwenyewe akakataa katakata kununua nyingine. Imepulizwa hapa studioni na binti yake. Mwenyewe hayupo tena. Tulimzika Alhamisi iliyopita.

Naomba basi tukae kwa utulivu. Aliye jikoni na apunguze moto. Anayepiga pasi na aisimamishe pasi yake kando, asije akaunguza nguo ya watu, kwa maana kisa cha leo kinapita katikati ya meza za pasi.

Tunamkumbuka mtafiti. Chuoni waliandika "Profesa" mlangoni pake. Watu wengine wote walimwita Mwalimu Filimbi, na hilo ndilo jina alilolipenda. Kwa miaka thelathini na minne alichunguza mambo matatu: mienendo ya watu kazini, ustawi wao, na michezo. Nayarudia kwa ajili ya waliochelewa kuwasha redio. Mienendo kazini. Ustawi. Michezo. Alitaka kujua kwa nini mtu anarudi nyumbani na furaha kutoka kazini, na kwa nini mwingine anarudi kama aliyepigwa.

Haya nitakayowasimulia nimeyapata kwa binti yake wa pekee. Yeye ni mwalimu wa hisabati, mtu wa maneno machache, na hatii chumvi. Aliniambia, "Bibi, sema yote. Na lile langu pia liseme. Usilipambe." Basi nitasema yote, na lile lake nitalifikia kwa wakati wake.

Kabla ya kuwa mtafiti, Mwalimu alikuwa mwamuzi wa kandanda. Hakuwa mwamuzi wa ligi kubwa. Alichezesha mechi za wafanyakazi, zile za Jumamosi asubuhi, ambapo beki ana kitambi na kipa amevaa miwani. Siku moja alichezesha mechi ya watu wa ofisi. Katika timu moja alikuwemo karani aliyesifika kwa kunong'ona. Kazini alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Uwanjani karani yule alimgeukia mkurugenzi wake mwenyewe akafoka: "Rudi nyuma, wewe! Unalala?" Mkurugenzi akarudi nyuma, tena kwa mbio.

Jumatatu Mwalimu alipita katika ofisi hiyo kupeleka fomu. Akawakuta wawili hao kwenye ukumbi wa katikati. Karani ananong'ona. Mkurugenzi haitikii.

"Alirudi nyumbani ameshika tama," anakumbuka mjane wake, ambaye ni fundi cherehani. "Nikamuuliza, kuna nini? Akaniambia, mke wangu, ile sauti ya Jumamosi inakwenda wapi Jumatatu? Nikamjibu, mimi sijui, muulize karani. Naye akaenda kweli, akamuuliza! Ukimwambia jambo kwa mzaha, yeye analichukua kama kazi ya nyumbani."

Hivyo ndivyo alivyorudi darasani, akiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Akasoma, akafuzu, akaanza kufundisha. Filimbi aliendelea kuitembeza shingoni. Hata nyumbani, yeye na mkewe walipogombana na sauti zikapanda, aliipuliza na kutangaza, "Mapumziko! Kila mmoja anywe maji." Binti anasema mama yake alikuwa akikaza uso kwa hasira, kisha anashindwa, anavunjika mbavu kwa kicheko, na ugomvi unaishia hapo.

Sasa tuingie kiwandani, wasikilizaji wapendwa.

Kilikuwa kiwanda cha kufulia nguo. Kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Mtu akiingia, mvuke ulimpiga usoni kabla ya salamu. Upande mmoja palikuwa na mashine kubwa za duara. Katikati walipita wabeba mashuka, wakisukuma matoroli yenye mashuka mabichi, mazito kama watu. Upande wa pili zilipangwa meza za pasi, na nyuma ya kila meza alisimama mwanamke au mwanamume, kutwa nzima, kwa miguu yake miwili.

Mwalimu aliomba ruhusa ya kufanya utafiti wake wa kwanza mkubwa hapo. Mpango wake ulikuwa huu. Kila Jumatano mchana, wafanyakazi wangecheza kandanda kwa muda wa saa moja kwenye kiwanja cha nyuma. Wanawake kwa wanaume, katika timu moja. Wangecheza kwa wiki kumi na mbili. Yeye mwenyewe angekuwa mwamuzi. Baada ya mchezo angekaa kwenye kigoda mlangoni, na kila anayetoka angemwuliza maswali matatu. Umelalaje? Mwili unasemaje? Leo umecheka na nani?

Maswali hayo matatu, naomba myashike. Hasa la tatu. Leo umecheka na nani?

Wakajiandikisha watu mia moja na kumi na wawili. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amezoea uwanja, aliwaandika baadhi yao kwa majina yale yale waliyoitana mchezoni. Hilo lilikuwa kosa, na nitaeleza baadaye lilimgharimu nini. Wiki kumi na mbili zilipokwisha, waliokuwa wamebaki walikuwa sabini na mmoja. Wengine, arobaini na mmoja, walikuwa wameacha njiani.

Akawahesabu waliobaki. Walilala vyema zaidi. Waliugua mara chache zaidi. Walicheka na watu wengi zaidi. Akaandika makala, na katika jedwali la makala hiyo, chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaweka mstari mmoja: "Hawakumaliza, 41. Wameondolewa."

Makala ile ilimpandisha. Ilisomwa mbali. Viwanda vikamwalika kuhutubia. Akafika miaka arobaini akiwa profesa. Binti yake anakumbuka jinsi alivyokuwa akitembea shuleni amenyoosha shingo kama twiga, kwa sababu picha ya baba yake ilikuwa gazetini, na filimbi shingoni.

Miaka saba ilipita. Siku hiyo Mwalimu alikuwa akihutubia katika ukumbi uliojaa mameneja. Binti yake, wakati huo msichana wa miaka kumi na saba, alikaa safu ya tatu pamoja na mama yake. Wakati wa maswali ukafika. Nyuma kabisa akasimama mwanamke wa makamo, amevaa koti la kazi lililofifia rangi. Alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Katika hizo namba zako, mimi niko wapi?"

"Ulikuwemo katika utafiti, mama?"

"Nilikuwa mpiga pasi. Meza ya tisa."

"Ulimaliza wiki kumi na mbili?"

"Nilikomea ya tano. Mgongo uligoma."

Mwalimu akakuna kidevu. "Basi, kwa bahati mbaya, kwenye hizo namba humo."

"Lakini uwanjani nilikuwemo! Wewe mwenyewe ulinipulizia filimbi ukasema nimeotea."

Ukumbi mzima ukacheka. Mpiga pasi akangoja kicheko kiishe. Kisha akasema, "Na sikuwa nimeotea."

Wakacheka tena, lakini safari hii kidogo. Kwa maana sasa alikuwa anaendelea, tena kwa sauti ya chini. Akaeleza kwamba baada ya makala ile, wakubwa wa kiwanda walilifanya kandanda kuwa sharti. Asiyecheza aliandikwa mvivu. Yeye mgongo wake haukumruhusu kucheza, akaandikwa mvivu mara tatu. Mara ya tatu akamwaga unga.

"Sikuja kukuaibisha mbele za watu, Mwalimu. Wewe ulikuwa mtu mwema kwetu. Ila nilitaka ujue. Karatasi yako ndiyo waliyonionyesha siku waliyonifukuza."

Akaketi.

Mwalimu hakula chakula cha mchana siku hiyo. Alipofika nyumbani alishusha kasha la fomu za zamani, akazitandaza sakafuni sebuleni. Marundo mawili. Rundo kubwa la sabini na moja, rundo dogo la arobaini na moja. Akamwita bintiye, aliyekuwa hodari wa hesabu tangu utotoni.

"Mwanangu, ukitaka kujua kama dawa fulani inafaa, kisha ukawauliza waliopona peke yao, utapata jibu gani?"

"Nitapata kwamba inafaa."

"Na wale wasiopona?"

"Hukuwauliza."

"Sikuwauliza," akasema Mwalimu. Akakaa pale chini, suruali yake nzuri ya mhadhara ikijaa vumbi, akilitazama rundo dogo.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, wasikilizaji wapendwa. Hakudanganya. Hakughushi hata namba moja. Aliwahesabu waliobaki, akawafuta walioondoka, kisha akauambia ulimwengu kwamba mchezo unawafaa wote.

Mkuu wa idara yake alimsihi anyamaze. Alimwambia, "Kila mtafiti huwaondoa wasiomaliza. Ni utaratibu wa kawaida. Unataka kujitia kitanzi kwa ajili ya mstari mmoja wa jedwali?" Mkewe naye alisita. Alikuwa na haki ya kusita, maana alikuwa amekesha juu ya cherehani miaka yote ya masomo ya mumewe. Mwalimu aliwasikiliza wote wawili. Kisha akaandika barua kwa jarida, akaiondoa makala yake mwenyewe.

Aliona kilichomnyoa kanga manyoya. Mialiko ilikatika. Uongozi wa kituo cha utafiti akapewa mwingine. Ofisi yake ilihamishwa kutoka ghorofa ya tatu hadi chumba cha chini, jirani na stoo ya viti vilivyovunjika. Magazeti yaliyopenda picha yake yakaandika kwamba profesa wa furaha amekiri kukosea. Binti alikoma kunyoosha shingo shuleni.

"Nilimkasirikia sana," anasema binti. "Nilimwambia, Baba, umejifunga goli mwenyewe, tena huku watu wote wanatazama. Akanijibu bila hasira. Akasema, mwanangu, nimewahi kukubali magoli ambayo hayakuwa magoli. Mechi ikishakwisha, basi tena, siwezi kuirudia. Hii naweza."

Na akairudia. Alichukua sanduku la viatu, akakata kadi arobaini na moja, moja kwa kila mtu aliyemfuta. Kwenye kila kadi aliandika jina, kazi, namba ya jezi, na jibu la mwisho alilopata kutoka kwa mtu huyo. Upande wa kushoto wa sanduku waliwekwa wasiopatikana. Upande wa kulia, waliopatikana. Siku ya kwanza upande wa kulia ulikuwa na kadi moja tu, ya mpiga pasi wa meza ya tisa. Alikwenda kwake, akamsaidia kupata barua ya daktari na kazi ya kukaa. Kisha akamwuliza ni wenzake gani anaojua wanakoishi.

Kiwanda kilikuwa kimekwisha kufungwa. Madaftari yake yalikuwa yametupwa. Watu walikuwa wametawanyika. Kwa miaka ishirini na sita, nasema ishirini na sita, Mwalimu Filimbi alitumia siku zake za mapumziko kubisha hodi. Na kila alipofunguliwa mlango alisema maneno yale yale: "Nilikufuta. Nimekuja kukurudisha. Kwa nini uliacha?"

Wengine walidhani ana wazimu. Bibi mmoja alimtoa mbio kwa tambara bichi la kudekia, akimdhania mtu wa kuuza dawa za mende. Lakini wengi walimkaribisha, na majibu yao yalimshangaza. Mmoja aliacha kwa sababu alikuwa mjamzito na hakutaka msimamizi ajue. Mwingine aliacha kwa sababu walimcheka miguu. Wawili, mtu na wifi yake, waliacha siku moja, kila mmoja kwa sababu ya mwenzake, na walipogundua hilo mbele ya Mwalimu wakaanza kugombana upya hata akaishika filimbi. Mwanamume mmoja alisema, "Mimi mpira siupendi, ndugu yangu. Sijawahi kuupenda. Hukuniuliza." Na mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Mjane wake alijibu kwa niaba yake, na Mwalimu akamwandika kama alivyowaandika wengine, neno kwa neno, bila kufuta kitu.

Kutokana na majibu hayo aliandika upya. Hakuukana mchezo, msije mkamfahamu vibaya. Mpaka mwisho aliamini kwamba saa moja ya mpira inaweza kumrudishia mtu sauti yake. Alichosema ni kwamba mchezo uwe hiari, na kwamba anayeacha aulizwe kwa heshima kama anavyoulizwa anayebaki. Kazi hii ya pili haikumtia gazetini. Lakini leo yapo maeneo ya kazi ambapo mtu mwenye mgongo mbovu anaketi kando ya kiwanja, anashangilia, na hakuna anayemwandika mvivu.

Kadi zilihama moja baada ya moja, kutoka kushoto kwenda kulia. Miaka mitatu iliyopita zilikuwa zimefika arobaini. Ikabaki moja. Kadi ya arobaini na moja.

Na hapa ndipo lile kosa la majina lilipomkalia kooni. Juu ya kadi hiyo palikuwa na neno moja: Taratibu. Ndivyo alivyoitwa uwanjani, kwa sababu alikuwa winga mwenye mwendo wa konokono. Alikuwa mbeba mashuka. Jezi namba nne. Jina lake hasa Mwalimu hakuliandika, na hakuna aliyelikumbuka.

Hapo ndipo mimi nilipomjua Mwalimu. Alikuja hapa studioni kwetu, mzee aliyevaa koti safi na filimbi shingoni, akaomba asome tangazo yeye mwenyewe. Huenda wengine mnalikumbuka. "Ndugu yangu uliyeitwa Taratibu, uliyebeba mashuka mabichi, jezi namba nne, popote ulipo, naomba ujitokeze." Wiki hiyo simu zetu hazikupumzika. Walijitokeza akina Taratibu kumi na wanne. Mmoja alidai alicheza jezi namba nne katika kiwanda cha mbao. Mwingine alikuwa na umri wa miaka ishirini. Mwalimu aliwasikiliza wote kwa adabu, akawashukuru. Hakuwemo yule aliyekuwa akimtafuta.

Sasa nafika kwenye lile alilonituma binti nilieleze bila kulipamba.

Mwezi uliopita moyo wa Mwalimu ulichoka. Akalazwa hospitalini siku tisa. Hata kitandani hakuacha kazi. Alimwuliza muuguzi, "Binti, leo umecheka na nani?" Muuguzi akamjibu, "Na mgonjwa wa kitanda cha pili, Mwalimu, maana wewe unauliza tu, huchekeshi." Akafurahi sana na jibu hilo, akaomba kalamu aliandike.

Siku ya saba hali yake ilikuwa mbaya. Binti alikaa kando yake mchana, dirisha wazi, mkono wa baba yake ndani ya mikono yake. Mwalimu akafumbua macho.

"Taratibu?" akauliza.

Binti alimtazama. Alimwona jinsi alivyokonda. Akapiga moyo konde, akasema, "Amepatikana, Baba."

Uso wa mzee ukang'aa. Kisha, kabla binti hajapumua, akauliza lile swali ambalo alikuwa amewauliza arobaini waliotangulia. "Kwa nini aliacha?"

Binti hakuwa amejiandaa. Akalikumbuka neno moja alilowahi kuliona kwenye kadi, akalisema. "Alikuwa amechoka."

Ule mng'ao ukatoka usoni polepole. Akasema, "Hapana, mwanangu. Hilo si jibu lake. Hilo ni jibu langu mimi."

Kwa maana ndivyo ilivyokuwa. Miaka thelathini na mitatu nyuma, wiki ya sita, Taratibu alipoulizwa umecheka na nani, hakujibu. Akampita Mwalimu kwenye kigoda, akaenda zake, hakurudi tena mchezoni. Naye Mwalimu aliandika kwa mkono wake: "Hakujibu. Amechoka?" Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kadi.

Hakumkaripia bintiye. Alimfinya vidole. "Usimfute," akamwambia. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Siku ya tisa, asubuhi, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Fikirini mzigo huo, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyetumia miaka ishirini na sita akikwepa kumjibia mwingine, na mwanawe anamjibia mwingine mbele ya macho yake yanayofumba. Binti alisimama kaburini amejikaza kisabuni. Watu walisema, ona alivyo jasiri. Yeye alikuwa akirudia moyoni: nilimdanganya, akajua.

Tangazo la kifo tulilisoma hapa Jumanne na Jumatano. Mazishi yakawa Alhamisi. Jumamosi asubuhi, binti alipokuwa akirudisha viti vya kuazima, alimwona mzee mmoja amesimama nje ya geti. Alisogea hatua, akasimama. Akasogea tena. Binti anasema hakuhitaji kuambiwa. Aliujua mwendo ule kwa simulizi za baba yake.

"Hapa ndipo kwa Mwalimu Filimbi?"

"Ndipo, baba. Karibu ndani."

"Nipo tu hapa. Nimeleta hii." Akatoa mfukoni jezi iliyokunjwa mara nne, imefuliwa, imepigwa pasi mpaka mikunjo ikakaa kama ya shati jipya. Namba nne. "Nilisikia lile tangazo la miaka mitatu iliyopita. Nilidhani mnadai jezi. Nikaona aibu kuja."

Binti hakujua acheke au alie. Akamshika mkono, akamwingiza sebuleni, akamketisha. Akaenda kulichukua sanduku la viatu. Alipomwonyesha kadi, mzee aliishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto.

"Baba yangu alitaka kukuuliza jambo moja. Kwa nini uliacha?"

Mjane wa Mwalimu alikuja, akamwekea glasi ya maji, akakaa.

"Nilikuwa na mtoto wa kike," akasema mzee. "Wa miaka mitatu. Tulimzika wiki ya nne ya ule mchezo. Kazini sikumwambia mtu. Ningewaambia nini? Wiki ya tano nilicheza tu, miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Wiki ya sita nikafunga goli."

"Wewe?" akasema mjane, ambaye alikuwa amezisikia habari za winga huyo kwa miaka mingi. Ikamtoka tu.

"Mimi, mama. Goli langu la kwanza na la mwisho. Mpira ulinigonga gotini ukaingia. Wakanibeba juu. Na Mwalimu alikuwa anacheka, anacheka hata filimbi ikakataa kulia. Akaipuliza kwa nguvu, kile kipira cha ndani kikaruka kikapotea majanini. Nami nikacheka. Nilicheka kwa moyo wote. Kisha nikatoka, nikamkuta kwenye kigoda, ananiuliza leo nimecheka na nani."

Akanywa maji.

"Nikakumbuka kwamba nimemzika mtoto wiki mbili zilizopita. Nikaona haya. Nikasema, mtu gani huyu anayecheka? Basi sikurudi tena. Sikuwa nimechoka, binti yangu. Nilikuwa na furaha, na sikuweza kuivumilia."

Mjane alinyanyuka, akaitoa filimbi shingoni mwa ile picha ya mumewe iliyosimama mezani, akaitazama ndani, mahali ambapo kipira hakipo. Miaka yote hiyo alikuwa akimwuliza mumewe kwa nini haibadilishi. Naye alimjibu siku zote, "Nakumbuka siku ilipovunjika. Ilikuwa siku nzuri."

Binti akachukua kalamu. Alimwomba mzee ajibu sasa lile swali la wiki ya sita, kama anaweza. Umecheka na nani?

"Na yeye," akasema mzee. "Andika hivyo. Nilicheka na yeye."

Binti hakuyakata maneno ya baba yake kwenye kadi. Chini ya "Hakujibu. Amechoka?" akaandika jibu la mzee, neno kwa neno. Kisha akaihamisha kadi hiyo kulia. Upande wa kushoto wa sanduku haukubaki na kitu.

Kwa niaba ya wote wanaofanya kazi katika studio hii, nawapa pole mjane wake, binti yake, dada zake, na wanafunzi wake. Pole pia kwa mpiga pasi wa meza ya tisa, aliyekaa safu ya mbele siku ya mazishi, mkono kiunoni. Aliniomba niwakumbushe kwamba hakuwa ameotea. Na kwako, Bwana Taratibu, pole ya msiba huu, na ya ule wa zamani ambao hatukuwahi kukupa.

Nanyi mnaonisikiliza, najua wapo mliowahesabu kuwa wameacha. Mfanyakazi mwenzako asiyekuja tena kuketi nanyi. Ndugu asiyepiga simu. Huenda umekwisha kuandika sababu yake moyoni, kwa mkono wako mwenyewe. Leo kabla hujalala, nenda ukamwulize. Kisha uandike alichosema yeye.

Binti bado yupo hapa mbele yangu. Ana filimbi mkononi. Ameniomba aipulize mara moja tena, na nimemkubalia.